«Uko mu dunia gani?»: vitabu vya dunia za kutunga mu nyumba za wachimbaji

Ba mama na ba baba, vijana wa posti ya usiku, nanyi wenye mumerudi asubuhi na vumbi ku nyusi: kuna ulizo moja tuko tunaulizana siku hizi, na linawashangaza wale wanaolisikia mara ya kwanza. Kisha kuuliza habari ya kazi na kama mshahara umeingia, tunauliza tena: «Uko mu dunia gani?»

Mmoja anajibu: «Miye nikingali kwa bale bantu bafupi ba ndevu, chini ya mulima.» Mwingine anasema: «Miye niko mu jangwa, kila tone ya mayi banaipima.» Mama mmoja anasema: «Niko mu Distriki 12, na tangia jana niko nalia.»

Tuko tunasema juu ya vitabu. Si vitabu vya masomo wala vya ibada, ni vile vya nchi zisizokuwa ku karta: nchi za kutunga, zenye wafalme wao, sheria zao na mashimo yao ya madini. Sisi ni watu wa sendika, pamoja na bibi zetu, watoto na wazee wachache wa pansio. Siku ya posho, kisha saa ya bukari, tunakutana mu lupango moja ku Katuba. Kila mtu anasema amefika wapi mu kitabu chake, nini inamfurahisha na nini inamkasirisha. Mwenye kitabu cha karatasi anaazima wengine, mwenye kukipata mu telefone anasomea wengine. Muzee moja, macho yake iliharibika kwa sudire, anasomewa na mjukuu wake: mtoto anasoma Kifaransa, anasimulia Kiswahili, na muzee anakatiza kila mara: «Ngoja kwanza, ule kapita aliwaambia nini?»

Watu wanatuuliza: sendika inatafuta nini mu hadithi za uongo, wakati shida za kweli ziko mingi vile? Tunaandika juu ya kujibu hilo. Tumeona mara mbili kwamba dunia ya kutunga inamsaidia mtu kusema neno lenye lilikuwa limemkwama, ku kazi na ku nyumba.

Wale waliochimba chini sana

Kitabu cha kwanza chenye kilitushika sisi wachimbaji ni *Le Seigneur des anneaux* cha Tolkien, Mwingereza. Kilitoka mu mafungu matatu, 1954 na 1955. Mu fungu la kwanza wasafiri wanapita ndani ya mlima unaitwa Moria. Zamani ulikuwa mgodi mkubwa wa watu wafupi wenye ndevu. Madini yao inaitwa mithril: nyepesi, ngumu kupita chuma, na bei yake inapita ya zahabu. Juu ya kuifuata walichimba chini, tena chini, mpaka wakaamusha kitu kibaya chenye kilikuwa kinalala mu moyo ya mlima. Kikaua mfalme wao, na wenye walibaki wakakimbia. Kisha miaka mingi wengine wakajaribu kurudi, chini ya mukubwa wao Balin. Wasafiri wanakuta kaburi yake, na pembeni buku moja iliyochanika. Ni kaye ya kazi: watu mbalimbali waliandika ndani yake, siku kwa siku, nini ilikuwa inawafikia, mpaka siku ya mwisho.

Siku tulifika pale, kijana moja wetu, mwenye kutumika chini ya udongo ku kampuni moja hatutaitaja, akasema: «Bale bantu balijua. Mulima ilikuwa inabaambia.» Alikuwa mtu wa kunyamaza. Tukamuuliza: mulima ilikuwa inawaambia namna gani? Ndiyo akaanza kusimulia, lakini sasa hakuwa tena mu Moria. Mu galeri yao, tangia posti tatu, vijiwe vidogo vilikuwa vinaanguka toka juu, na wakigonga mawe kwa chuma, sauti ilikuwa ya kitu kitupu. Hakumwambia kapita, juu mwenye kusema «naogopa» wanamwita mutoto, na mwezi unaofuata anajikuta pa kazi yenye haina primu. Mwenzake wa posti alikuwa anakaa pembeni. Naye akasema: «Ni kweli. Hata miye nilisikia.»

Delege wetu akachukua kaye, akaandika: galeri gani, posti gani, saa ngapi, nani alisikia. Wakuu wakasema kwanza ni maneno ya watu wenye hawataki kazi. Komite ya usalama na usafi ikakaza. Kisha injeniere akashuka yeye mwenyewe na taa na chuma, akagonga, akasikiliza, akatoa watu. Kazi ikasimama mpaka wakaweka vishikizo. Primu ya ule mwezi ilipunguka, na wamoja walitukasirikia. Hatuwezi kuwaonyesha mtu na kusema: huyu angekufa. Usalama iko vile: ikitumika muzuri, hakuna kitu cha kusimulia.

Kijana yule anajua kusema. Lakini kusema «naogopa» ilikuwa haya kwake, na kusema «wale wafupi walipashwa kuogopa» haikuwa haya. Akianza na wale, akafika kwake.

Mwezi moja wa kulia

Ba mama wanapenda *Hunger Games* cha Suzanne Collins, wa Marekani, kilichotoka 2008. Watoto walijua filme kwanza, lakini kitabu kiko na mambo filme inapita mbio. Distriki 12 ni kamp ya wachimbaji wa makala ya mawe. Baba ya Katniss alikufa mu mlipuko ndani ya shimo wakati binti alikuwa na miaka 11. Wakamupa medali juu ni mtoto wa kwanza, na feza kidogo ya kusaidia mama kwa mwezi moja ya kulia. Kisha ule mwezi, mama anapashwa kutafuta kazi. Yeye akashindwa hata kuinuka ku kitanda, na mtoto ndiye alianza kulisha nyumba.

Tena kuna posho yao. Familia yenye njaa inaweza kupewa nafaka na mafuta, lakini mtoto anaongeza jina lake ku kura ya wale watakaotumwa kuuana. Mwenye njaa sana, jina lake linaingia mara mingi. Wazee wetu, wenye walikua na posho ya Union Minière mpaka siku yenyewe ikaitwa siku ya posho, walisikia ile na wakanyamaza kidogo. Muzee moja akasema: «Posho ni muzuri. Lakini uangalie kila siku mukono yenye inakupatia, na nini inaandika mu kaye.»

Mjane moja, bwana yake alikufa ku kazi, alisoma ukurasa wa mwezi moja, akatuuliza: «Na kwetu sheria inasema nini?» Hakuwa ametuuliza mbele, hata siku ya matanga. Tukamweleza: ajali ya kazi inapashwa kutangazwa ku CNSS, na mjane na yatima wana haki yao, mwezi kwa mwezi, si mara moja tu. Karatasi ziko mingi na safari za kwenda ku biro ziko mingi, lakini ameanza. Mama mwenye kusoma habari hii, kama uko mu hali ile, uliza delege leo. Usingoje kitabu.

Mashini ao watu?

Vijana wa kariere wanashikilia *Dune* cha Frank Herbert, 1965. Dunia ya Arrakis ni jangwa tupu. Mu mchanga wake munatoka kitu chenye safari za mu nyota haziwezekani bila yake, na kila mwenye nguvu anakitaka. Wanakikusanya na mashini makubwa, kubwa kupita zile tunaona Kolwezi. Lakini mutetemeko ya mashini inaita nyoka mkubwa wa mchanga, na anameza vyote.

Ukurasa wenye tulibishana sana ni ule mutawala mupya, Leto, anaenda kuangalia kazi. Nyoka anakuja, na ndege yenye kuinua mashini haionekani. Leto anaamuru watu wote waingie mu ndege ndogo, wafinyane, na mzigo wote ubaki. Mashini inamezwa. Watu wanapona. Kijana moja akasema: «Ule ni patro wa mu kitabu tu.» Mwingine akamujibu: «Basi tumuombe patro wetu asome kitabu.» Tulicheka, lakini tangia siku ile, tukiandaa maneno ya kusema mbele ya wakuu, mtu anauliza: «Hapa tuko tunainua mashini ao watu?»

Watoto wadogo wao wako Wakanda. Nchi ile ilitungwa Marekani mu 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na filme ya 2018 ikaileta mu kila telefone ya Lubumbashi. Ni nchi ya Afrika yenye madini ya ajabu, na hakuna mukoloni aliyeingia kuichukua. Mtoto wa Haut-Katanga anasikia hadithi ile na masikio mengine, juu anajua Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwenye uranium ilitoka na kwenda kutengeneza mabomu ya 1945. Binti moja alituuliza: «Mbona sisi hatukuificha?» Hatujapata jibu fupi.

Hata sisi tulitunga

Mtu anaweza kusema: zile zote ni dunia za wageni. Lakini sisi hatukungoja wageni. Wazee wetu walitusimulia Kalulu, ule mudogo mwenye kuwashinda wakubwa kwa akili. Walituambia Nkongolo Mwamba, mfalme mkali mwenye wanamfananisha na upinde wa mvua, na Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mbali, na mtoto wake Kalala Ilunga, mwenye Waluba wanahesabu kwake mwanzo wa ufalme wao. Miaka ya 1970, ku nyumba mingi za wafanyakazi hapa Lubumbashi ulikuwa unakuta ku ukuta picha ya Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, mwenye kuleta utajiri na kudai malipo.

Na kulikuwa hadithi ya batumbula. Wakati wa Elisabethville, watu waliogopa kutembea usiku juu ya wale wenye kukamata mtu mweusi, kumpeleka kwa mzungu, amnoneshe na kumla. Ilikuwa hofu ya kweli, watu walikimbia kweli. Sisi tunawaza kwamba wazee walikuwa wanasema mu ile hadithi kitu chenye hawakuweza kusema ku biro: kuna mtu anakula mwili yetu na nguvu yetu.

Mu Kiswahili chenyewe, Shaaban Robert wa Tanga alitunga *Kusadikika*, kilichotoka 1951. Nchi ile inaelea angani. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme juu alitaka watu wafundishwe sheria. Mu kujitetea, siku kwa siku, anasimulia wajumbe sita waliotumwa mbele yake pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila moja alirudi na mashauri mazuri kwa nchi yake, na kila moja akatupwa mu gereza. Mwishoni Karama anashinda, na wale sita wanafunguliwa. Kiswahili chake ni cha pwani, kigumu kidogo kwetu, tunakisoma polepole na kuulizana maneno. Lakini delege gani asiyeijua ile hadithi? Wanakutuma kwa wakuu, unarudi na neno, na wewe ndiye unaandikiwa barua ya mashitaka.

Na watoto wa hapa wanaandika. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi 1981, alitoa *Tram 83* mu 2014, na kitabu kikapata zawadi ya Etisalat ya 2015. Mji wake unaitwa Ville-Pays. Haupo ku karta, lakini ukisoma gari ya moshi, wachimbaji, wanafunzi wenye njaa, watalii wenye kutafuta faida na bar yenye hailali, unajua harufu yake. Sinzo Aanza naye, mu *Généalogie d'une banalité* cha 2015, anaonyesha watu wa kartye moja ya Lubumbashi wakichimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Hivi viwili si vya watoto, lugha yake ni kali. Sisi wakubwa tulivisoma na tukajiona.

Neno «sorcier» na binti wa miaka 13

Tunafika ku jambo lenye lilitupa kazi kupita yote. Binti moja wa wenzetu, miaka 13, hana mama, alikuwa anasoma *Harry Potter* cha J.K. Rowling. Kwa Kiingereza kitabu cha kwanza kilitoka 1997, na jina lake linasema juu ya jiwe. Kwa Kifaransa, 1998, wakakiita *Harry Potter à l'école des sorciers*. Masomo ya wachawi! Neno lile likiingia mu nyumba ya Lubumbashi, halitembei peke yake. Kule, «sorcier» ni mtoto mwenye fimbo anayejifunza kuinua manyoya. Hapa, wanasikia mulozi, mwenye kula watu usiku.

Mtoto mchanga wa baba yake mudogo akapata homa. Baba mudogo akakuta kitabu chini ya godoro, akasoma jina, akasema jibu limepatikana. Baba ya binti alikuwa posti ya usiku. Walitaka kumpeleka mu chumba cha maombi, akae bila kula mpaka aungame. Mnajua wenyewe, kule watoto wamoja wanapita, na kisha wanalala mu barabara.

Jirani akatuita. Walienda ba mama wawili na delege moja. Hawakufika na matusi. Wa kwanza akauliza: «Mutoto iko wapi mwenye homa?» Akabebwa ku sentre ya afya saa ile ile, ilikuwa palu, na dawa ikamponya. Wa pili akabaki, akaomba ruhusa, akafungua kitabu mwanzoni, akasoma kwa Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili. Ni hadithi ya mtoto yatima, anakaa kwa mama mukubwa na bwana yake. Analala mu kisanduku cha chini ya ngazi. Anavaa nguo zilizobaki za mtoto wa nyumba. Kila kitu kibaya kikifika, kosa ni lake. Bibi ya baba mudogo alisikia mpaka mwisho wa sura, akauliza: «Na banamutosha pale siku gani?»

Delege akakumbusha pia sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009: kumsingizia mtoto ulozi ni kosa lenye azabu. Si shauri la mtu, ni sheria ya inchi.

Hatutawaambia kwamba yote ilitengenezeka. Baba mudogo angali anakataa kitabu mu nyumba yake, na sisi tunaheshimu mlango wake. Kitabu kinalala kwetu, na binti anakuja kukisoma siku ya posho. Hakupelekwa mu chumba, na anaendelea na masomo. Siku hizi ameanza kutunga dunia yake mu kaye ya hesabu: watu wanaokaa ndani ya terril, pembeni ya ule shemine mrefu wa mji wetu, na kila usiku mtu wa inje anakuja kubeba kipande cha nyumba yao. Amefika ukurasa wa 14.

Kwa mwenye kutaka kuanza

Vitabu vya karatasi si rahisi kupata, na bei yake inaumiza. Angalia wale wauzaji wa mu barabara wenye kutandika vitabu vya zamani chini. Mediateke ya Institut français, ku Halle de l'Étoile mu mji, inapokea wasomaji. Masomo ya watoto wako inaweza kuwa na kabati yenye imefungwa tangia siku mingi: uliza funguo ku mkutano wa wazazi, na uulize tena.

Kwa mtoto, anza na *Le Hobbit* cha Tolkien cha 1937, ni kifupi kupita ndugu zake. Kwa kijana, *Hunger Games*. Kwa mwenye kupenda Kiswahili, *Kusadikika*. Hujui kusoma Kifaransa? Mtoto anajua. Mwambie asome mbele yako, akueleze. Mu nyumba mingi yetu, ndiyo mara ya kwanza baba na binti waliongea saa nzima bila feza kuingia mu maneno.

Na ukikuta mtoto na kitabu chenye jina la kukuogopesha, mbele ya kukichoma, mbele ya kuita mtu, kaa chini, umuulize: «Uko mu dunia gani? Nani anakaa kule? Wanamutesa nani?» Kisha sikiliza vizuri. Mara mingi atakuwa anakuambia habari ya nyumba yenu.